Tandiko la Chumvi na Samli

Siku farasi alipoingia kijijini kwetu Nyarero, kuku waliacha kutaga, na hawakuanza tena mpaka wiki ikaisha. Kama ni kwa hofu au kwa heshima, sijui. Nasema kweli tupu, na pale nitakapoongeza kidogo msomaji ataona mwenyewe, maana mimi nikiongeza sifichi.

Alikuwa farasi jike, mweupe aliyechakaa akawa rangi ya majivu, mrefu hata ukimtazama usoni kofia inaanguka. Alivutwa kwa kamba na baba yangu mdogo, ambaye alikuwa amepotelea kwenye mashamba ya Wazungu kule Sotik, upande wa Kenya, kwa muda mrefu kiasi kwamba mama alishaacha kumwekea chakula. Watu walimfuata kuanzia barabarani. Waliokuwa wanapalilia kahawa waliacha kahawa. Aliyekuwa anaoga alitoka na povu.

Baba alisimama mlangoni pa zizi, mikono kiunoni.

"Huyu ni nani?"

"Ni farasi, kaka."

"Naona si ng'ombe. Nauliza, ni nani kwetu?"

"Ni wangu. Mzungu wangu amerudi kwao Ulaya, akashindwa kumpakia melini. Akaniachia mimi."

"Na tandiko lake la kukalia?"

Baba mdogo akakohoa. "Tandiko lilikuwa zuri sana, kaka. Hilo alikwenda nalo."

Lazima nieleze hapa kwamba baba mdogo hakuwa mtunza farasi. Alikuwa mpishi. Dirisha la jiko lake lilitazama uwanjani, na kila asubuhi yule farasi aliingiza kichwa dirishani akapewa maganda ya mkate. Hivyo ndivyo walivyopendana. Kwa hiyo baba mdogo alimjua farasi vizuri sana kuanzia pua mpaka shingo, maana ndizo sehemu zilizopita dirishani. Kuanzia mabega kurudi nyuma alikuwa mgeni kama sisi.

Bibi, mama yake baba, alikuwa ameketi juu ya ngozi yake kando ya ghala la ulezi, miguu imenyooshwa mbele. Magoti yake yalikuwa yamefunga. Yalimruhusu kusimama akishikwa, na kwenda kutoka ngozini mpaka kitandani, basi. Lakini sauti haikuwa na magoti, ilitembea popote.

"Mleteni hapa," akasema.

Farasi akaletwa. Akamtazama Bibi, Bibi akamtazama yeye. Kisha farasi akainamisha kichwa, akakishika kitambaa cha Bibi kwa midomo, akamvua taratibu kama mkwe anayepokea mzigo. Watu wakaguna. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Huyu ndiye atakayenipeleka," akasema.

Hakuna aliyeuliza wapi. Nyumba nzima ilijua.

Bibi alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, aliyeolewa huko chini upande wa Nyamongo, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu ya kijana. Bibi alibatizwa zamani, padre wa kwanza alipokuja, na tangu siku hiyo hakumpa mdogo wake nafasi ya kupumua. Alimhubiria shambani, alimhubiria kisimani, alimhubiria katika misiba ya watu wengine. Yule mdogo alikataa kwa furaha, mwaka baada ya mwaka. Magoti ya Bibi yalipofunga ndipo akalegeza, kwa ujanja. Alituma neno: "Mwambieni dada nitabatizwa. Ila sitaki msimamizi mwingine. Siku atakayofika kwa padre na kusimama nyuma yangu, siku hiyo nitainamisha kichwa." Alijua Bibi hawezi kufika hata kisimani. Huko kwake, tuliambiwa, alicheka mpaka akaangusha chungu.

Sasa katekista wa kule alikuwa ametuma habari kwamba padre anakuja kigango chao Jumapili ya mwisho ya mwezi kubatiza watu wazima, na kwamba baada ya hapo hajulikani atarudi lini. Mdogo wake Bibi alikuwa ameandikishwa, amefundishwa, na alikuwa anangoja kwa raha zote Jumapili hiyo ipite bila dada yake kutokea. Wote wawili walikuwa wazee wa kweli. Bibi hakusema jambo hilo, lakini kila jioni alipokaa kimya tulijua analipigia hesabu.

Machela Bibi aliikataa. "Machela ni ya mgonjwa na ya maiti," alisema. "Nikifika nimelazwa, yule mtoto atasema nimekuja kuzikwa. Nitafika nimeketi, mgongo wima." Baiskeli tulishaijaribu. Tulimkalisha nyuma, na kwa kuwa magoti hayakukunjika, miguu ilitoka upande mmoja kama boriti, ikafyeka mahindi ya jirani safu nzima, nasi tukaishia ndani ya kahawa. Mkokoteni wa ng'ombe usingepita kwenye mawe ya mteremko. Kwa hiyo ilibaki njia moja, nayo ilikuwa imesimama uani inatafuna kitambaa.

Kazi ya tandiko ikaniangukia mimi. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimehitimu. Mwezi uleule nilikuwa nimemaliza shule ya usiku pale kigangoni kwetu, ile ya kulima mchana na kusoma kwa taa ya chemli, na katika ukoo wetu wote, kutoka Nyarero hadi Machochwe, hakuwepo mtu aliyeweza kusoma gunia la chumvi pande zote mbili isipokuwa mimi. Baba mdogo akaniweka mkono begani.

"Mura, kijana wangu, wewe uliyesoma. Matandiko yanakuwaje?"

Nikafikiri. Katika kitabu chetu, kwenye herufi F, palikuwa na picha ya farasi. Niliikumbuka vizuri sana. Alikuwa uchi, hana hata kamba.

"Yanakuwa juu," nikajibu.

"Umesikia?" baba mdogo akamwambia baba. "Elimu hiyo!"

Tukaanza na kichwa, kwa kuwa kichwa tulikuwa na mtaalamu wake. Baba mdogo alifumba macho, akalikumbuka dirisha lake, akaonyesha kwa vidole: utepe mmoja juu ya pua, mmoja nyuma ya masikio, mmoja chini ya koo, na mbili za mashavuni za kuziunganisha. Mama alikata mkonge kwenye ua, akauponda, akaukwangua, akausuka mistari mitatu mitatu kama nywele za mwari. Ilipofika hapo baba mdogo akasema Wazungu hutia na chuma mdomoni, ndicho kinachomsimamisha farasi.

"Chuma wapi?" Bibi akauliza kutoka ngozini.

"Mdomoni, mama. Juu ya ulimi."

"Wewe ulitiwa chuma mdomoni?"

"Hapana, mama."

"Na ukiambiwa simama, husimami?"

Basi hatamu yetu haikuwa na chuma. Ilikuwa mkonge mtupu, laini, nzuri, yenye shada jekundu la uzi kwenye paji la uso ambalo mama aliliongeza bila kuulizwa. Farasi alipovikwa alionekana kama bibi harusi. Kwamba sasa hakukuwa na kitu cha kumsimamisha, hilo hatukulizungumza.

Mgongo ndio uliotutoa jasho. Baba alikuwa bingwa wa kutengeneza nira za kulimia, na fundi wa nira akiona mgongo wowote anaona nira tu. Ya kwanza aliyochonga ilikuwa ya ng'ombe wawili. Tulipoiweka juu ya farasi mmoja, upande wa pili ulibaki unaning'inia ukingoja mwenzake. Farasi aliigeukia, akainusa, akatutazama mmoja mmoja.

"Huyu mnyama ana dharau," baba akasema.

Tukabadili. Tukatafuta panda mbili za mti mgumu, yale matawi yenye umbo la V, tukazigeuza juu chini, moja ikae nyuma ya mabega na nyingine karibu na kiuno, tukaziunganisha kwa fito pembeni. Chini yake tukaweka magodoro mawili ya gunia, moja kila ubavu, ili mti usiguse uti wa mgongo. Magodoro tuliyajaza mabua ya ulezi. Tukamfunga farasi jioni akayazoee. Asubuhi tukakuta panda, fito, na magunia mawili matupu kama mashavu ya mzee. Alikuwa amegeuza shingo akala tandiko lake lote kupitia tundu dogo, na alikuwa anapiga mbweu.

Mara ya pili tukajaza majani makavu ya migomba. Hayo aliyaonja, akatema, akakunja mdomo wa juu kwa chuki. Tukajua tumepata.

Kiti cha kukalia kiliwekwa juu ya hayo yote, nacho ni habari ya majonzi. Baba alikuwa na kiti kimoja cha seremala, chenye mgongo na mikono, cha wageni. Chifu aliwahi kukikalia. Bibi alikitazama kiti kile siku nzima bila kusema neno, kisha akasema neno.

"Kata miguu."

Baba alikwenda nyuma ya nyumba akakaa huko kidogo. Aliporudi alikuwa na msumeno. Alikata miguu minne ya kile kiti huku amegeuza uso pembeni, na kila mguu ulipoanguka aliguna kama amekanyagwa. Tukakifunga kiti juu ya panda, kikitazama ubavuni, ili Bibi akae upande na miguu yake isiyokunjika itoke mbele. Chini ya miguu tukaning'iniza ubao wa sanduku la sabuni kwa mikanda ya tairi, tairi lilelile la lori wanalokatia viatu vya katambuga, maana tairi halikatiki hata likivutwa na tembo wawili wenye ugomvi.

Ukabaki mkanda wa tumboni, ule unaopita chini ya farasi na kushika kila kitu. Mkonge ungemchubua, na tairi lingemfinya. Bibi akaamua: ngozi ya ng'ombe. Baba akatoa ngozi ya fahali aliyechinjwa kwenye harusi, ngumu kama bati. Tukaikata mviringo, tukizunguka kutoka nje kwenda ndani kwa kisu, mpaka ngozi moja ikawa mkanda mmoja mrefu ambao, ukiniuliza mimi, ungefika Musoma na kurudi.

"Sasa ilainisheni," Bibi akaamuru. "Mimi nimevaa ngozi kabla hamjajua kitambaa. Ngozi isiyopakwa samli ni kuni. Na isiyotiwa chumvi itaoza."

Hakuna aliyepinga. Nani angepinga? Sisi ni watu wa ng'ombe. Harufu ya samli na chumvi kwetu ni harufu ya kazi iliyofanywa vizuri. Mama alileta kibuyu cha samli, baba akaleta chumvi ileile ya ng'ombe, ile nyekundu yenye magadi, tukausugua mkanda ule wote, tukaupinda, tukausugua tena. Bibi aliusugua kwa mikono yake mwenyewe akiimba. Tukapaka na mikanda ya tairi ili ing'ae. Tukapaka na panda. Baba mdogo alitaka kupaka na farasi, tukamzuia. Ndama mmoja alipita akanyonya ncha ya mkanda mpaka macho yakamlegea, nasi tukacheka, tukasema, ona, hata ndama anaipenda.

Mwenye kufuga atakuwa ameshaliona kosa. Sisi tulifuga tangu enzi za mababu na hatukuliona. Kila mtu kwetu anajua siku ya chumvi: unaichanganya kwenye mti uliochimbwa kama mtumbwi, unapiga mluzi, na ng'ombe aliye mlima wa tatu anaacha kila kitu anakuja mbio, mkia juu. Hatukufikiri kwamba tulikuwa tumeifunga siku ya chumvi chini ya tumbo la farasi, na tunataka kuipitisha kwenye malisho ya watu.

Majaribio yalikuwa mazuri. Tuligundua tu kwamba farasi ana hila: ukikaza mkanda, anavuta pumzi na kujidai mnene, na ukigeuka tu anaipumua na tandiko linazunguka kama saa. Baba mdogo alipata dawa. Alimpa kipande cha ugali, na kwa kuwa hawezi kutafuna huku amebana pumzi, alipumua, baba akavuta, kazi imekwisha.

Jumapili ikafika. Bibi alivaa gauni jeupe, kitambaa kipya, na rozari shingoni. Katika pindo la kanga aliyojitanda alifunga zawadi ya mdogo wake: chumvi safi ya dukani, ya jikoni, kwa kuwa hakuna aendaye kumtembelea nduguye mikono mitupu. Mimi na baba tulimnyanyua, tukamkalisha. Alipokaa juu kule, mgongo wima, miguu mbele juu ya ubao wa sabuni, mwavuli mweusi mkononi, nilidhani ameiona Bahari ya Hindi.

"Mama, unaonaje?" baba akamwuliza.

"Naona paa lako linavuja," akasema. "Twende."

Baba mdogo mbele na kamba, mimi upande huu, baba upande ule, mama nyuma na kikapu. Mteremko wote wa mawe tulishuka salama salimini. Watu walitoka majumbani kutuamkia, na kwa mara ya kwanza maishani Bibi alipokea shikamoo kutoka juu kama mvua inavyopokelewa na mlima. "Marahaba!" "Marahaba, nyanyua kichwa!" "Marahaba, na huyo mtoto mwoshe!"

Kule chini bondeni, mtoni, ndiko mifugo ilikokuwa imeletwa kunywa maji. Ilikuwa mingi sana. Naweza kusema ng'ombe wote wa Tarime walikuwepo, na wa Serengeti walituma wawakilishi. Tulipokaribia, ng'ombe mmoja mwekundu aliinua pua. Akaacha kunywa, maji yakimdondoka. Akaja kwa adabu, akauingiza ulimi chini ya tumbo la farasi, akalamba mkanda kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mfukuze," baba akasema.

Nikamfukuza. Walikuja wawili. Nikawafukuza, wakaja ukoo wao. Kisha nikasikia kishindo, nikageuka, na bonde lote lilikuwa linatembea. Mikia juu! Farasi, aliyezoea heshima ya Sotik, aligeuza jicho nyuma, akaona ndimi zile zote, akaanza kwenda haraka. Baba mdogo akavuta kamba.

"Simama! Simama, mama yangu!"

Hana chuma mdomoni. Angesimama kwa nini?

Tukaanza kukimbia wote. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo shule ya usiku haikunifundisha: ngozi ikilowa inalegea. Kila ulimi uliopita uliurefusha mkanda kidogo, na kiti cha chifu kikaanza kuinama upande wangu.

"Mbona dunia inalala?" Bibi akauliza.

"Si dunia, mama, ni kiti!" baba akapiga kelele, akining'inia upande wa pili kama mkungu wa ndizi ili kukisawazisha.

"Basi mkishike! Na mwacheni huyu akimbie! Ongeza! Miaka yote hii nakwenda polepole!"

Nyuma ya ng'ombe sasa kulikuwa na wachungaji, na nyuma ya wachungaji kulikuwa na yowe. Kwetu mtu akiona ng'ombe wake wanaondoka mbio na watu asiowajua hasubiri maelezo. Yowe lilipigwa kilima hiki, likapokelewa kile. "Wezi! Wezi wa ng'ombe! Wamepanda mnyama! Kiongozi wao ni bibi kizee mwenye mwavuli!" Mama, huku nyuma na kikapu chake, alijaribu kuwaeleza akikimbia. "Jamani, tunakwenda kanisani!" Wakamjibu, "Na ng'ombe wetu wanakwenda kubatizwa?"

Kigango kilikuwa kwenye kilima kidogo, paa la nyasi. Padre alikuwa mlangoni kabisa, kwa kuwa siku zile ubatizo ulianzia nje, mlangoni, ndipo watu wakaingizwa. Wabatizwa walisimama mstari mmoja mbele yake, na wa mwisho alikuwa mdogo wake Bibi, kajitanda shuka jeupe, ametulia kama mtu aliyeshinda kesi. Kando ya padre katekista alishika kisahani cha chumvi, ile ambayo kila mbatizwa hutiwa kidogo ulimini.

Nasikia mdogo wake Bibi alipoona vumbi aliuliza, "Ni mvua?" Alipoona mwavuli akajua. Akakunja shuka, akamwambia katekista amesahau chungu motoni, akageuka aondoke. Lakini uwanja ulikuwa umejaa. Kila alipoelekea palikuwa na pembe. Farasi alifika mlangoni pa kanisa akasimama mwenyewe, na hapo mkanda ukafika mwisho wa urefu wake, na kiti, na Bibi, na baba akiwa bado ananing'inia, vikateremka ubavuni polepole, polepole, mpaka miguu ya Bibi ikagusa ardhi, wima, mwavuli bado uko juu.

"Hujambo, mdogo wangu," Bibi akasema.

"Sijambo, dada. Shikamoo. Umekuja na mahari ya nani?"

"Marahaba. Geuka umtazame padre." Bibi akampa baba mwavuli, akamshika mdogo wake mabega kwa nyuma.

"Tulipatana usimame."

"Nimesimama."

"Umenishika mabega."

"Nimekushika usikimbie."

Padre, Mzungu mwenye ndevu aliyejifunza Kikurya chake kwa wazee na hivyo kuongea kama mzee wa miaka mia, alitutazama, akatazama ng'ombe, akatazama wachungaji waliofika na rungu wakihema. Nadhani hakuwahi kupata kanisa limejaa hivyo. Akafungua kitabu, akaendelea. Akafika kwa wa kwanza, chumvi ulimini. Wa pili. Wa tatu. Na yule ng'ombe mwekundu, aliyekuja na sisi tangu mtoni, akapitisha shingo juu ya bega la katekista, akatoa ulimi kama mbatizwa mwema, akakisafisha kisahani chote kwa mpigo mmoja.

Katekista akageuza kisahani juu chini. Hakukuwa na hata punje.

Mdogo wake Bibi akainua mikono mbinguni. "Basi! Mungu mwenyewe amekataa! Hakuna chumvi! Padre, tutaonana utakaporudi." Na uso wake, nauona mpaka leo, ulikuwa na furaha, lakini furaha hiyo ilikuwa na kitu chini yake kilichotetemeka kidogo, kama mtu aliyekimbia mchezoni na ghafla akaogopa kwamba ameachwa.

Bibi aliondoa mkono mmoja begani, mmoja tu, akashika pindo la kanga yake. Fundo lilikuwa gumu. Alilifungua kwa meno. Akaitoa chumvi, nyeupe, akamnyooshea padre kiganja.

Padre akaibariki palepale mkononi mwake.

"Hiyo chumvi ni ya nani?" mdogo wake akauliza bila kugeuka.

"Ni yako. Nilikuletea ya mboga."

"Umeileta kutoka Nyarero?"

"Kutoka Nyarero."

"Juu ya hilo jitu?"

"Juu ya hilo jitu."

Mdogo wake Bibi akakaza shuka lake. Kisha akainamisha kichwa, nasi tuliokuwa karibu tuliona mabega yake yakitikisika. Akafungua mdomo akatoa ulimi. Padre akaweka kidogo. Akaonja, akakunja uso, akameza.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "mnanilambisha kama ng'ombe."

"Ng'ombe wangu wewe tangu utoto," Bibi akasema, na hakumwachia mabega mpaka maji yalipomwagwa.

Wachungaji walielezwa, wakacheka mpaka wakakaa chini, na baadhi yao wakabaki kula pilau ya ubatizo. Mkanda wetu haukufaa tena. Ulikuwa mwembamba, mweupe, umelambwa mpaka ungeweza kushonea shati. Kwa hiyo Bibi alibaki kwa mdogo wake, tukarudi na farasi mtupu na kiti kisicho na miguu, ambacho baba alikibeba kichwani njia nzima bila kuzungumza na mtu.

Walikaa pamoja mwezi, wakaongeza wa pili. Wapita njia walisema wanagombana kutoka jogoo la kwanza na kucheka hadi uji unaungua. Mwishowe Bibi akatuma neno tumfuate. Safari hii tulikuwa tumejifunza. Mama alisuka mkanda mpana wa mkonge, akauzungushia kitambaa kwa ndani usimchubue farasi, tukauosha kwa maji, tukaukausha juani. Haukuwa na tone la samli wala punje ya chumvi. Tukamkuta Bibi ameketi nje, mwavuli tayari mkononi. Aliushika mkanda mpya, akauvuta, akauridhia. Kisha akauinua puani akanusa, akatutazama kwa masikitiko makubwa.

"Huu hauna chumvi," akasema. "Nyumbani nitafika lini?"